Gurudumu la Mbali

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

Mshonaji alishikilia. Pedali ya breki ilikuwa ngumu chini ya unyayo wake, kisha ikalegea na kuzama polepole hadi sakafuni, ishara kwamba mumewe, aliyelala chini ya gari, amelegeza nati ndogo nyuma ya gurudumu na mafuta yenye mapovu yameshuka kwa mrija hadi kwenye chupa. Nati ikikazwa, sauti ilitoka chini kumwambia aachie, naye akaachia. Kazi ya kutoa hewa kwenye breki haifanywi na mtu mmoja. Lazima awepo wa juu na wa chini, na wa juu haoni anachofanya wa chini. Kwao wa juu alikuwa yeye siku zote, wala hakuona ubaya. Alipenda kukaa kwenye kiti kile alichokishona kwa mikono yake, ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee, mishono miwili miwili iliyonyooka kama reli.

Pikapu ilikuwa ya marehemu baba mkwe, kongwe kuliko ndoa yao. Watoto waliiita Shangazi, kwa sababu huja na mizigo na hasemi ataondoka lini. Mumewe aliirithi ikiwa na rangi ya kijivu na kimya chake, akaifanyia kila ambalo mwanamume hulifanyia gari analolipenda. Aliipaka buluu. Alikata paa la kichwa na kuliinua ili aweke rafu ya kamba na turubai. Alijenga mbavu za mbao nyuma, ndefu kuliko mtu, akaongeza springi, akabadilisha ekseli ya nyuma akatia ya gari kubwa zaidi ibebe mzigo. Kisha akapanga taa ndogo za rangi ya chungwa kuanzia bampa hadi mkiani, na kutokana na hizo mtaa mzima ukamwita Mataa, hata mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa mshonaji. Kitu kimoja hakikuwamo: mikanda ya usalama. Kila mkewe alipoitaja, Mataa alijibu kwa upole kwamba gari lilizaliwa bila mikanda, na redio ikaingia kabla yake.

Wiki iliyopita, wakiteremka mlima wa shule na mzigo wa saruji, pedali ilizama bure. Mataa alipambana na gari kwa gia ndogo na breki ya mkono, akalisugua tairi kwenye ukingo wa barabara mpaka likasimama mita chache kutoka geti la shule. Mama yake mshonaji, aliyekuwa ameomba lifti, aligonga paji la uso kwenye dashibodi. Alipotoka zahanati na bandeji yake aliwaambia wajukuu kwamba Shangazi amembusu. Watu wakacheka, na Mataa akasema ni hewa tu imeingia kwenye breki. Ndiyo hiyo waliyokuwa wakiitoa mchana huu.

"Kanyaga," alisema tena, na mguu wa mshonaji ukatii kabla ya akili.

Lakini akili nayo ilikuwa inatembea. Kwa kawaida sauti ya mumewe huanza kusikika mbali, nyuma kushoto, kisha husogea gurudumu hadi gurudumu mpaka inaishia karibu na magoti yake. Huanziwa gurudumu la mbali, ndivyo marehemu alivyomfundisha mwanawe, maana hewa ya mbali ndiyo inayojificha. Leo sauti ilianzia nyuma yake, kulia. Ikavuka ikaenda mbele kushoto. Sasa ilikuwa mbele kulia, na Mataa alikuwa anakusanya spana.

Akauliza kama kule nyuma kushoto tayari. Mataa akajibu kwamba kule hakuna shida.

"Sikukusikia kule."

"Kule kulishatengenezwa."

Mshonaji alitoa mguu kwenye pedali, akashuka, akazunguka gari. Alipiga magoti kwenye mchanga, akaingiza kichwa nyuma ya gurudumu la nyuma kushoto. Haikuhitaji ufundi kuelewa alichokiona. Paipu nyembamba ya breki ilikuwa imekatwa kabla haijafika kwenye gurudumu, ikakunjwa, ikapondwa kwa nyundo mpaka ikawa bapa kama mkia wa dawa ya meno iliyokwisha.

Wahenga walionya juu ya mtu asiyeziba ufa. Mataa yeye alikuwa ameziba.

*

Alieleza akiwa ameketi juu ya tairi la akiba, macho kwenye chupa ya mafuta machafu. Silinda ya gurudumu lile, kidude kinachosukuma breki kwa mafuta, ilianza kuvuja tangu mvua zilizopita. Spea haikupatikana. Fundi mmoja wa barabarani akampa ushauri ambao mafundi wengi huutoa na wenye magari wengi huupokea: funga paipu, mafuta yasipotee, tembelea breki tatu zilizobaki wakati unatafuta spea. Kutafuta kukageuka kungoja, kungoja kukageuka mazoea. Wiki ile mlimani breki tatu zilibeba kazi ya nne mpaka zikachemka. Hewa ilikuwamo, hakudanganya. Ila hakusema yote.

"Fundi aliniambia hata kigoda cha miguu mitatu hakianguki," akasema.

"Kigoda hakiteremki mlima."

Mkewe alijipangusa mchanga magotini, akawa anahesabu kimoyomoyo, si fedha bali watu: watoto waliopelekwa shule asubuhi za mvua, jirani aliyekimbizwa hospitali kwa uchungu wa kuzaa, yeye mwenyewe na cherehani yake mapajani, mama yake. Wote juu ya magurudumu matatu, wakimsifu dereva kwa jinsi anavyoendesha taratibu. Kumbe taratibu ile haikuwa adabu.

Alitaka kugomba, maneno yakamjaa kinywani kama sindano anazozishika kwa midomo akishona. Lakini alikumbuka pia kwamba ni yeye mwenyewe aliyesimama pale uani na kusema mbavu za nyuma ziinuliwe kidogo, mzigo mmoja uwe kama miwili. Akayameza. Badala yake akauliza silinda mbovu iko wapi.

Mataa alifungua sanduku la spana, akatoa kifurushi kutoka chini kabisa. Alikuwa ameiviringisha kwa kipande cha ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee, masalio ya viti. Aliitunza muda wote huo kama mtu atunzavyo jino lililong'oka.

Wakaenda kwa miguu kwa muuza vyuma chakavu.

*

Muuza vyuma alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyeketi kwenye kiti cha basi katikati ya milango, redieta na injini zilizofumuliwa. Aliuliza kwa nini watu wenye gari wanatembea kama mahujaji. Mataa akamkabidhi kifurushi. Mzee wa vyuma alikigeuza, akakipuliza, akakipima kwa kidole gumba, kisha akaingia ndani ya rundo lake na kurudi na silinda mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya pikapu ya aina ile ile, kama ilivyotoka kiwandani. Ndogo. Ya pili ilikuwa ya lori dogo. Kubwa.

"Hii ekseli uliyoiweka imetoka kwenye gari gani?"

Mataa alisema aliinunua ikiwa tayari imefunguliwa, hakuambiwa.

"Basi mwanangu una gari lisilo na kabila. Kichwa cha huku, kiuno cha kule, miguu haijulikani. Lingekuwa kama lilivyozaliwa, ningekupa spea huku nimefumba macho." Akakwaruza kutu kwa ukucha. "Yule bwana anayenunua magari ya kale aliuliza habari zake tena mwezi uliopita. Nikamwambia paa lilishakatwa. Akasema basi, na kufunga kioo."

Mshonaji alimtazama mumewe pembeni. Mataa alikuwa anatabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri daktari amalize kusema. Yule mnunuzi alikuja kweli, zamani, gari likiwa bado kijivu, akataja bei iliyowafanya wasilale. Walikataa wote wawili. Kumbukumbu ya baba haiuzwi, walisema. Kisha wakalitia msumeno.

Baada ya kupekua sana ilipatikana ya tatu, iliyofanana kwa tumbo ila si kwa matundu ya kufungia. Muuza vyuma alisema itakaa vizuri mchomeleaji akitoboa upya bamba la kuishikia. Tatizo ni kwamba mchomeleaji yuko msibani, atarudi kesho mchana. Akawapa silinda waondoke nayo, wailipie ikikubali. Mshonaji aliipokea kwa mikono miwili.

"Kesho mchana," Mataa alisema walipofika njia panda. Wote wawili walijua kwamba mzigo waliokwisha kuahidi kubeba ulikuwa wa kesho asubuhi.

*

Mzigo ulikuwa wa kaka yake mshonaji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa miezi sasa hakukuwa na mteja mwingine wa maana. Cherehani ilileta cha mboga. Mizigo ya kaka ndiyo iliyoleta kodi, karo na dawa za mama. Kaka alikuwa mtu mwema kwa namna yake. Mbao za mbavu za pikapu aliwapa bure, na tangu siku ile hakuacha kuzigusa kila gari lilipofika dukani, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani ili baba yake akumbuke nani alileta nguo.

Aliwaona wakiingia, akaendelea kumpimia mteja misumari. Akampimia na wa pili. Mataa alisimama karibu na mikebe ya rangi, akisoma maandishi yaliyo juu yake kana kwamba anachagua. Mkewe alijua hana haja ya rangi.

"Shemeji leo umekuja kwa miguu," kaka alisema hatimaye. "Au sasa unabebea mgongoni?"

Wapakuaji wakacheka. Mataa naye akacheka, zaidi kuliko wao. Akasema alikuwa anapita tu, akaona aulize kama mzigo wa kesho, vigae na lile tangi, hauwezi kusogea hadi jioni, au keshokutwa asubuhi.

Kaka aliweka kijiko cha misumari chini. Alieleza bila kupandisha sauti kwamba mafundi wa nyumba ile ya bondeni wanaanza saa mbili, kwamba kuna kijana ana lori jipya aliyekuja mara tatu kuomba kazi, na kwamba yeye humkatalia kijana huyo kwa sababu damu ni nzito. Ila damu nayo ina mwisho wake. Akauliza kuna nini kesho asubuhi.

"Hakuna kitu," Mataa alisema. "Nilikuwa nauliza tu."

"Gari zima?"

Swali lilielekezwa kwa Mataa, lakini kaka alimtazama dada yake. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Akitaka ukweli huuliza mmoja na kumtazama mwingine.

Mshonaji alihisi silinda ndani ya mkoba wake, nzito kama kosa. Akisema breki hazishiki, kijana wa lori atapigiwa simu kabla hawajatoka mlangoni, na habari itamfikia kila mwenye mzigo mjini: Mataa aliendesha na breki tatu, akampasua mama mkwe uso. Hakuna atakayempa hata godoro abebe. Akinyamaza, kesho vigae na tangi vitakuwa mlimani nyuma ya kisogo cha mumewe. Alitafuta mlango wa tatu, akaona mikebe ya rangi.

"Zima," alisema.

"Basi saa mbili."

Walipokaribia nyumbani Mataa alianza kueleza, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe, kwamba atapakia nusu nusu, atashuka na gia ya kwanza tangu juu, atasubiri wanafunzi waingie madarasani kwanza, hewa imetoka, pedali iko juu. Alishateremka mlima ule mara zisizo na idadi. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ndicho kilichomtisha mkewe, kwamba ungeweza kupanga kweli nyingi mstari mmoja kama zile taa, zikang'aa, na gari lisisimame.

*

Mama alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele, bandeji imeshuka kidogo juu ya jicho, ikampa sura ya kijambazi. Aliwapokea, akawauliza habari za huko watokako, akasema wametembea sana kwa watu wenye gari. Mataa aliingia bafuni kuoga.

"Kesho nimemwambia Mataa aniteremshe zahanati," mama alisema. "Siku ya kubadilisha hiki kitambaa. Amesema ana mzigo wa huko huko bondeni, nitakaa mbele."

"Amekubali?"

"Akatae kwa nini? Amesema nijishike vizuri tu."

Mshonaji alibaki amesimama na mkoba begani. Alimtazama mama yake akipuliza makapi kwenye ungo, vidole vikikimbia, midomo ikinong'ona wimbo usio na maneno. Nijishike vizuri. Kwenye nini? Alikishona kile kiti inchi kwa inchi, na alijua hakina pa kushika.

Aliweka mkoba chini, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la spana.

Kwanza aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, kama alivyomwona mumewe akifanya. Spana ya gurudumu ilikuwa ndefu, mikono yake haikuitosha, basi akaipanda kwa mguu, ule ule wa kukanyagia breki, akajitupia uzito wote. Nati ya kwanza ililia kama paka, ikakubali. Zilizobaki zikafuata kwa ukaidi wao. Kisha jeki. Maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni gurudumu la nyuma kushoto lilipoanza kucheza. Alilivuta, likamwangukia kwenye paja, akalisukuma na kulibiringisha hadi chumbani kwa mama, akalilaza chini ya kitanda. Nati akazifunga kwenye pindo la kanga, hata tairi la akiba lisifungike.

Mama hakuacha kuchambua. Alisema tu kwamba mchuma janga hula na wa kwao, na kwamba yeye, mmoja wa hao wa kwao, amekula kwa paji la uso, ila angependa kujua janga lenyewe ni lipi. Binti yake akamwambia, kwa maneno machache. Mama akagusa bandeji.

"Na mimi nikawachekesha watoto," alisema.

Mataa alitoka na taulo shingoni, akaliona gari limeinamia jeki kama mtu aliyevuliwa kiatu kimoja. Akasimama. Mapovu ya sabuni yalikuwa bado sikioni. Aliuliza gurudumu liko wapi, kwa sauti ya chini kabisa. Angeweza kuingia na kulitafuta. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Hakuingia. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni na ungo wake, na hakuna mkwe anayemruka mkwewe.

"Mama wa watu umemwambia ajishike," mkewe alisema.

"Ningekwenda taratibu."

"Najua. Ungekwenda taratibu."

Akachukua simu, akampigia kaka yake mbele yao wote, asije yeye mwenyewe akapata nafasi ya kutunga uongo mwingine. Alimwambia kwamba alimdanganya dukani. Gari si zima, gurudumu moja halina breki, na kesho haliendi. Kaka akauliza tangu lini, naye akamwambia. Kaka hakugomba, na lile likawa zito kuliko kugombwa. Alisema sawa, atampa kijana wa lori. Na mama, atakuja kumchukua yeye mwenyewe asubuhi kwa gari lake. Tena Mataa asiwe anampandisha kwenye kile kitu. Sauti yake ilivuja nje ya simu, kila mtu kibarazani akaisikia.

Mataa aliketi juu ya tairi la akiba. Alikaa hivyo mpaka jua likatua nyuma ya ukuta na watoto wakarudi kutoka kucheza, wakamwona, wakapita kwa adabu isiyo ya kawaida yao.

"Ungeniacha niseme mwenyewe," alisema mwishowe.

"Ungesema lini?"

Alifikiri. Mkewe aliona kwamba anafikiri kweli, anapekua siku moja baada ya nyingine kutafuta ile ambayo angesema, na haipati. Hakumsaidia kutafuta, wala hakumcheka. Mzigo wa kesho umekwenda, na wa keshokutwa pengine nao. Silinda iliyomo mkobani huenda ikakaa, huenda isikae. Mnunuzi wa magari ya kale hatarudi. Walikuwa na gari wasiloweza kuliuza wala kuliendesha, na humo ndimo kilimokuwa chakula chao.

Mwanga ulipokuwa unapungua, Mataa aliinuka, akachuchumaa mbele ya dramu ya breki iliyobaki uchi. Akachukua msumeno mdogo wa chuma, akaikata ile ncha iliyopondwa ya paipu, tone moja la mafuta likachungulia. Akaikinga kwa kidole gumba.

"Vumbi likiingia humu tumeharibu," alisema bila kugeuka. "Nipe kitambaa. Kisicho na nyuzi."

Mkewe aliingia ndani, akakata kipande kwenye masalio ya ngozi bandia, akarudi na uzi wa cherehani. Mataa alishikilia, yeye akafunga, mizunguko mingi, fundo juu ya fundo. Kisha akafungua pindo la kanga, akazitia zile nati kwenye mkebe mtupu wa maziwa na kumkabidhi. Mataa alizitikisa kidogo, akauweka mkebe chini ya kiti cha dereva.

Giza lilikuwa limeshaifikia rangi ya buluu. Taa zote pembeni zilikuwa zimezimwa. Mataa alikagua mawe kwenye magurudumu, moja baada ya jingine, akalisukuma moja zaidi kwa mguu.

"Kesho bamba likitobolewa utanikanyagia," alisema.

"Nitakukanyagia."

"Tutaanzia kule mbali."